Valvu ya Nne

Faili lilikuwa na kurasa arobaini na moja, na Inspekta alikuwa amelisoma mara tatu bila kukuta mahali ambapo mtu anasema uongo. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Katika miaka kumi na tisa ya kazi yake alikuwa amezoea kwamba watu wawili wakipingana, mmoja wao atajikwaa tu. Atasahau saa, atabadili rangi ya shati, au atatia chumvi pasipohitaji chumvi. Hawa wawili hawakujikwaa popote.

Wa kwanza alikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwenye kiwanda cha maziwa, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja. Siku tisa zilizopita alikuwa akimwaga mafuta machafu kutoka kwenye mtambo. Badala ya kufungua valvu ya tatu akafungua ya nne, gesi ya amonia ikamfumukia usoni, na hadi leo yuko hospitali amefungwa bandeji machoni. Wenzake wawili walivuta gesi ile, wakalazwa siku mbili, wakarudi kazini wakiwa bado wanakohoa.

Wa pili alikuwa injinia aliyekuwa akimwelekeza kutoka makao makuu, upande wa pili wa mji. Alimwelekeza kwa miwani. Fundi akivaa miwani ile, kila anachokiona injinia anakiona papo hapo kwenye skrini yake. Injinia akichora mshale kwenye skrini, fundi anauona umesimama hewani mbele ya kitu chenyewe, na sauti anaisikia sikioni. Yote hayo yalisafiri kwa mtandao wa 5G, ambao kampuni ilijivunia hadi ikauchapisha kwenye pakiti za maziwa.

Fundi alisema alisikia “ndiyo” mkono wake ukiwa juu ya valvu ya nne. Injinia alisema alitamka “ndiyo” mkono ukiwa juu ya ya tatu. Na injinia huyo alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili na kumfundisha ufundi kwa mikono yake mwenyewe. Kiwandani kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Tangu siku ya pili baada ya ajali, yeye na mpwa wake hawakuwa wamesemezana hata neno moja.

Video ilikuwa upande wa Shangazi. Ilionyesha mkono wa fundi ukigusa valvu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo sauti ya mwanamke ikasema “ndiyo”. Mkono ukaiacha ya tatu, ukaenda ya nne, ukazungusha. Ukiitazama, ungeapa kwamba mtu yule aliambiwa hili akafanya lile makusudi.

Kesho saa nne asubuhi faili lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Likienda lilivyo, fundi angeshtakiwa kwa kukaidi maelekezo na kuhatarisha wenzake, na cheti chake kingefutwa. Karatasi nzito kuliko zote humo ndani ilikuwa ile yenye sahihi ya Shangazi.

Inspekta akalifunga faili, akaenda kiwandani.

Kazini kwake walimwita Mama Tena, ingawa hawakuthubutu kumwita hivyo akiwa karibu. Mtu akimaliza kueleza, yeye husema “tena”. Mtu akimaliza kuonyesha alivyosimama, husema “tena”. Wengi walikiri makosa yao kwa sababu ya kuchoka tu.

Meneja wa kiwanda alimpokea mlangoni kwa tabasamu na manukato. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi vizuri, mwenye maneno mengi laini, na kabla hawajafika chumba cha mitambo alikuwa ameshampa pole ya foleni, pole ya jua na pole ya kazi ngumu ya polisi. Inspekta alizipokea pole zote tatu akaendelea kutembea.

Chumba cha mitambo kilikuwa kimezimwa kwa amri yake, na mabomba yalikuwa yameondolewa gesi. Valvu sita zilipangana kwenye bomba moja nene, zote za ukubwa mmoja, zote kijivu. Vibao vya namba vilikuwepo, lakini mtambo ukifanya kazi barafu huviziba, ndiyo maana fundi hawezi kusoma bali huhesabu. Miwani yenyewe ilishapelekwa kwa wataalamu, ikarudishwa na barua kwamba haina hitilafu yoyote. Inspekta alikuwa ameiwekea matumaini ile barua, na alipoisoma alinyong'onyea nusu siku.

Akatazama juu. Juu ya mlango, kwenye kishikio cha chuma, kilikaa kisanduku cheupe chenye antena mbili fupi. Ndicho kilicholeta mtandao wa kasi ndani ya chumba kile.

“Kimewekwa lini?” aliuliza.

“Mwaka jana mwezi wa tatu, afande.”

“Kimewahi kuondolewa?”

“Hata siku moja. Hicho ndicho roho ya mradi wetu.”

Inspekta aliomba ngazi. Meneja alitaka kumpandia, akakataliwa. Juu kule, kila kitu kilikuwa na utando wa mafuta na vumbi la mwaka mzima: taa, nyaya, kishikio chenyewe. Skrubu nne zilizoshika kisanduku zilikuwa zinang'aa, na kwenye vichwa vya mbili kati ya hizo palikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi. Alishuka, akajifuta mikono, akasema ngazi ni imara. Meneja akafurahi kusikia ngazi ni imara.

Baadaye Inspekta alikwenda peke yake getini. Alikuwa na imani na walinzi, kwa sababu hakuna anayewauliza kitu, basi hukaa na habari zao mpaka zinaiva. Mlinzi wa pale alikuwa mzee mcheshi aliyepanga kalamu zake kwa rangi. Inspekta aliomba daftari la wageni, akafungua siku ya ajali. Saa nne kamili, muda mfupi kabla ya ajali, wageni kumi na wawili waliingia pamoja. Dhumuni la ziara: maonyesho.

Alimwuliza ni maonyesho ya nini.

“Ah, wale walivaa miwani, afande,” mlinzi alisema, kisha akajisahihisha upesi. “Si ile ya kusomea. Ile ya umeme, inayofunika uso mzima. Unakaa ukumbini, unaona kiwanda kipya ambacho hakijajengwa. Mmoja alijiona yuko juu ya paa, akashika tai ya mwenzake asianguke. Nilicheka mpaka nikatoka nje.”

“Picha zilikuwa zinakwama?”

“Zikwame wapi? Mtu angeshikaje tai kwa picha inayokwama?”

Inspekta alimshukuru, akaomba kuonyeshwa huo ukumbi. Ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na mlinzi alieleza kwa fahari kwamba zamani ulikuwa chumba cha baridi cha kuhifadhia siagi, ndiyo maana kuta zake ni nene kiasi kile na ndani mna ubaridi mzuri bila feni. Inspekta aliingia, akasimama katikati ya viti, akatoa simu yake. Hakukuwa na mtandao. Akaenda dirishani, kisha kwenye kona, kisha jukwaani, simu ikiwa juu. Hakukuwa na mtandao hata wa kutuma salamu. Kuta zile zilikuwa haziruhusu kitu kupita.

Alikaa kwenye kiti cha mbele na kufikiri bila haraka. Picha zile za kuvaa usoni ni nzito. Zinahitaji mtandao wa kasi kweli, la sivyo mtu akigeuza kichwa picha inabaki nyuma, anaona kizunguzungu. Wageni kumi na wawili hawakuona kizunguzungu, walicheka. Basi siku ile, saa ile, mtandao wa kasi ulikuwa humu ndani. Na kiwanda kizima kilikuwa na kisanduku kimoja.

Akamwita fundi mtandao wa kiwanda. Huyu alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na alipoona Inspekta amekaa ukumbini badala ya chumba cha mitambo, alibaki amesimama mlangoni kwa muda. Inspekta alimwonyesha kiti.

“Nani alikuambia ukilete kisanduku hapa?”

Fundi mtandao alitazama jukwaa. “Ilikuwa kwa muda wa saa mbili tu, afande.”

“Nimeuliza nani.”

“Meneja. Nilimwambia kuna kazi chumba cha mitambo. Akasema wale wana mtandao wa kawaida, utawatosha kwa kumwaga mafuta. Ajali ilipotokea akaniambia nikirudishe mara moja. Watu wote walikuwa wamekimbilia nje, hakuna aliyeniona. Nilipanda ngazi nikiwa nimefunga kitambaa puani.”

“Tena.”

Akasema tena, na mara ya pili akaongeza kwamba hakuwa amelala vizuri tangu siku ile. Inspekta alimwamini katika yote mawili. Kisha akauliza lile lililokuwa likimsumbua zaidi: kisanduku kikiondoka, kwa nini miwani ya fundi haikuzimika?

Fundi mtandao alipata nguvu kidogo, kwa kuwa sasa aliulizwa jambo la kazi yake. Miwani haizimiki, alieleza. Ikikosa mtandao wa kasi inajitafutia ule wa kawaida yenyewe, kimyakimya, ili kazi isikatike. Picha inakwenda, sauti inakuja, kila kitu kinaonekana sawa. Ila vinachelewa. Picha inachelewa kufika kule, na jibu linachelewa kurudi huku. Ukijumlisha, sekunde moja, au moja na kidogo.

“Na video tuliyonayo ilirekodiwa wapi?”

“Makao makuu, kwenye kompyuta ya Shangazi.”

Inspekta alifumba macho. Video ilikuwa ya kweli. Ilionyesha alichokiona Shangazi wakati alipokiona. Haikuonyesha alipokuwa mkono wa fundi.

Lakini sekunde moja haikutosha. Mtu mwenye akili timamu angesimamisha mkono juu ya valvu na kusubiri jibu, na jibu likichelewa lingemkuta palepale. Kwa nini mkono wa fundi uliendelea kutembea? Inspekta alilitafuta tena jibu la swali hilo kwenye maelezo ya fundi na hakulipata, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Akampigia Shangazi simu, akaomba akae kwenye skrini yake, kisha yeye mwenyewe akarudi chumba cha mitambo, akavaa miwani, akasimama mbele ya valvu. Kisanduku kilikuwa bado juu ya mlango. Mabomba yalikuwa matupu.

“Nielekeze kama unavyomwelekeza mwanao,” alisema.

Sauti ya Shangazi ilikuja karibu, ungedhani amesimama begani. Mshale wa manjano ukatokea mbele ya valvu ya tatu na kutulia. Inspekta aligeuza kichwa kushoto na kulia, mshale haukutikisika.

“Anza na ya kwanza,” Shangazi alisema. “Iguse, taja namba, nenda inayofuata. Mkono usisimame mpaka usikie ndiyo.”

“Usisimame?”

“Ukisimama mwenyewe umebahatisha. Nawafundisha hivyo tangu nilipokuwa nasimama nyuma yao kwa miguu yangu. Mwanafunzi akijua anapokwenda, mkono unapungua mwendo kabla hajafika, nami najua kwamba anakisia. Asiyekisia hutembea mwendo mmoja mpaka nimsimamishe.”

Inspekta akagusa. Moja, mbili, tatu. “Ndiyo,” ilikuja mkono ukiwa juu ya tatu, sawasawa. Walirudia mara kumi, na mara kumi ikawa hivyo. Kwa utulivu ule ule akamwomba fundi mtandao akitoe kisanduku, akipeleke ukumbini, akiwashe kule. Hakumwambia Shangazi kitu.

Kioo kilififia kidogo tu, kufumba na kufumbua, kisha kikarudi kama kawaida. Sauti ilikuwa ile ile. Lakini alipogeuza kichwa, mshale ulibaki nyuma, ukaja ukimfuata, ukapita valvu, ukarudi. Inspekta alikumbuka mstari mmoja wa maelezo ya fundi ambao askari wote, yeye akiwemo, waliuona kisingizio: mshale ulikuwa unatangatanga, nikauacha nikahesabu kwa mkono.

“Tena, Shangazi,” alisema.

Moja. Mbili. Tatu. Kimya. Mkono ukaenda mbele kama ulivyofundishwa, ukafika valvu ya nne.

“Ndiyo,” sauti ikasema sikioni.

Inspekta alisimamisha mkono pale pale. Muda mfupi baadaye, sauti ile ile ikasema kwa mshangao, “Siyo hiyo, umepita.” Hilo nalo lilikuwemo kwenye maelezo ya fundi. Alieleza kwamba “siyo hiyo” aliisikia gesi ikiwa imeshatoka.

Walirudia mara kumi. Mara nane, “ndiyo” ilimkuta kwenye ya nne.

Meneja hakuchukua dakika kumi kukubali. Alianza kwa kusema kisanduku hakijawahi kuondoka, akaonyeshwa skrubu. Akasema labda fundi mtandao alijiamulia, akaonyeshwa daftari la wageni na ratiba ya maonyesho yenye sahihi yake. Mwisho akajaribu kusema hakujua kama kuna kazi siku ile. Inspekta akaweka mezani kibali cha kazi ya valvu, kimesainiwa na Meneja saa tatu na nusu, nusu saa kabla ya wageni.

“Nilisahau tu, afande,” alisema Meneja, na safari hii maneno hayakuwa laini.

“Kusahau nitakuandikia kusahau,” Inspekta alisema. “Ya kukirudisha kisanduku kwa siri nitakuandikia nyingine.”

Ilibaki karatasi nzito. Inspekta angeweza kupeleka faili na ushahidi wake, lakini maelezo ya Shangazi yangebaki humo yakimwita mpwa wake mkaidi, na wakili yeyote wa kampuni angeyashikilia kwa meno. Kuyafuta, hakuwa na uwezo. Mwenye kuyafuta alikuwa mmoja.

Alimkuta makao makuu, katika chumba kidogo chenye skrini mbili na kiti kimoja cha mto. Shangazi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, goti la kushoto limeharibika. Miaka mitatu iliyopita daktari alimkataza kupanda ngazi za mitambo, na kampuni ikawa inamtafutia namna nzuri ya kumwachisha kazi. Miwani ndiyo iliyomrudisha kazini. Kila mmoja alijua hilo, na yeye alilijua kuliko wote.

Inspekta alimweleza yote bila kupamba. Alimwonyesha video ya jaribio lao la valvu, iliyorekodiwa kwenye miwani yenyewe safari hii. Shangazi aliitazama mkono ukiwa mdomoni.

“Kwa hiyo hakunikaidi,” alisema.

“Alikutii. Ungemfundisha kusimama, angesimama.”

Shangazi aliirudisha video mwanzo, akaitazama tena. Inspekta alijua anachokipima, na hakumharakisha. Akiandika upya, angeandika kwamba mtindo wake wa kufundisha, uliokuwa salama akiwa begani, haukuwa salama akiwa mbali, na kwamba hakuwahi kumwuliza mtu yeyote juu ya hilo. Kampuni ingepata sababu iliyoitafuta miaka mitatu. Kiti kile cha mto kingekuwa na mwingine.

“Nilimwita mwongo,” Shangazi alisema. “Nilimwambia kwa simu, akiwa kitandani, siku ya pili. Nikakata.” Machozi yalimtoka, akayaacha. “Nipe karatasi.”

Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wa duara, akasaini. Kisha akaomba lifti mpaka hospitali, na Inspekta akaona hiyo si kazi ya polisi, lakini akampeleka.

Muuguzi aliwaambia kwenye korido, kwa sauti ya chini, kwamba jicho la kushoto litaona na la kulia halitaona. Shangazi aliitikia kwa kichwa, akajikaza kisabuni, akaingia akiegemea ukuta. Fundi alikuwa amekaa kitandani, bandeji nyeupe kutoka paji hadi puani. Aligeuza uso kuelekea mlangoni.

“Shangazi.”

“Ni mimi, baba.”

Shangazi alivuta kiti, goti likamsumbua, akakaa kwa shida. Inspekta alibaki mlangoni, maana alihitaji kuondoka na karatasi.

“Nimeandika maelezo mengine,” Shangazi alisema. “Nimewaambia ulisema kweli.”

“Sahihi yako iko?”

“Iko.”

Fundi alifikiri. “Jicho nimeshalizoea,” alisema. “Kilichonishinda kuzoea ni kwamba ulisaini ile ya kwanza.”

Shangazi akamsogezea ile ya pili. Fundi akanyoosha mkono, ukapapasa hewani mpaka ukaipata karatasi, akaishika kidogo, kisha akamrudishia.

“Sioni. Nisomee.”

Shangazi akavaa miwani yake ya kusomea. Alianza na tarehe, akasoma cheo chake na miaka yake kazini kwa sauti ya kawaida. Akasoma kuhusu kisanduku na ukumbi. Akafika ukurasa wa pili, kwenye mstari usemao mimi ndiye niliyemfundisha asisimamishe mkono, na hapo sauti ikakatika. Alijaribu tena, ikakatika palepale.

“Endelea, Shangazi,” fundi alisema. “Nakusubiri.”